Family Link kwenye simu ya mtoto: tathmini ya mama anayefanya zamu za usiku

Mimi ni nesi hapa Morogoro, mume wangu ni dereva wa malori ya kwenda Zambia na Kongo, na mtoto wetu wa darasa la sita ana simu. Najua wapo watakaouliza mtoto wa miaka 11 simu ya nini. Sibishani nao. Kwetu kuna usiku ambao mimi niko wodini, baba yake amekwama kwenye foleni ya mpakani Tunduma, na nyumbani wamebaki mtoto na dada wa kazi. Nataka nimpigie nimsikie, na akihitaji kunipigia anipate. Kitochi kingetosha kwa kazi hiyo, lakini baba yake alishamwahidi simu janja akishika nafasi nzuri darasani. Mtoto akashika nafasi, na ahadi ya baba kwa mwanawe siivunji mimi.

Basi nikaanza kutumia Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto. Ipo tangu mwaka 2017, ni ya bure, na simu ya mtoto inatakiwa iwe ya Android, toleo la 7 au jipya zaidi. Ya mzazi inaweza kuwa Android au iPhone. Unapanga mtoto alale saa ngapi, atumie simu muda gani kwa siku, apakue nini, na unaweza kuona simu iko wapi. Naipendekeza kwa mzazi yeyote mwenye mtoto wa shule ya msingi anayeshika simu janja. Ila kuna kazi ya kufanya kabla ya kuipakua, na wengi wanaoniambia "niliweka haikufanya kazi" waliiruka kazi hiyo. Nitaanza nayo.

Kazi yenyewe ni kujua akaunti ya Google iliyomo ndani ya simu ni ya nani.

Wengi wetu tuliponunua simu, kijana wa dukani alituuliza, "Mama, nikufungulie kabisa?" Tukasema fungua. Akatengeneza Gmail kwa jina alilolipanga yeye, akabuni tarehe ya kuzaliwa, akaweka neno la siri la kwake, akatupakulia WhatsApp, tukalipa tukaondoka. Simu ya Baraka wangu ilikuja hivyo hivyo, kutoka duka ambalo baba yake alipita akiwa safarini. Niliingia Mipangilio, nikashuka mpaka palipoandikwa Google, nikabonyeza jina lililo juu. Hapo ndipo akaunti yote inapofunguka. Kwenye taarifa binafsi, mwaka wa kuzaliwa ulikuwa 1990. Kwa maana hiyo, Google ilimjua mwanangu kama mwanaume wa miaka thelathini na kitu, na kila kinachoruhusiwa kwa mtu wa umri huo kwenye YouTube na Play Store kilikuwa wazi kwake. Nikaenda sehemu ya usalama. Namba ya simu ya kurudishia akaunti, ile inayotumika mtu akisahau neno la siri, ilikuwa namba ambayo hatuijui. Nikaipiga. Akapokea kijana wa dukani, mpole kabisa, akaniambia ndio utaratibu wao kwa sababu wateja husahau.

Mzazi mwenzangu, itazame namba hiyo vizuri. Aliye nayo anaweza kuomba neno jipya la siri, akaingia kwenye akaunti akiwa popote, akaona picha zilizohifadhiwa humo, majina na namba za watu wa familia, na video ambazo mtoto amekuwa akitafuta. Yule kijana inawezekana hana nia mbaya hata kidogo. Lakini simu huuzwa, vijana wa dukani huhama, madaftari ya maneno ya siri hubaki mezani. Mtu nisiyemfahamu hapaswi kuwa na njia ya kuingia kwenye vitu vya mtoto wangu.

Na simu ya mzazi nayo ni hivyo hivyo. Hili linaniuma zaidi kwa sababu nimeliona kwa watu wasomi, wenye diploma na digrii ukutani. Wodini wakati wa chai wenzangu wamenipa simu zao niwaangalizie. Mmoja akaunti yake ina jina la mtu aliyemuuzia simu. Mwingine ana Gmail ila hajui hata inasomekaje, achilia mbali neno la siri. Dada mmoja wa maabara alikuta akaunti yake imefunguliwa kwenye vifaa vingine asivyovitambua. Sasa Family Link inategemea akaunti ya mzazi kwa kila kitu: neno lako la siri ndilo linalothibitisha kuwa wewe ni mzazi. Kama hulijui, huwezi kuanza. Kama mtoto analijua, na wengi wanalijua maana ndio waliotuwekea, basi mzazi kwenye ile simu ni yeye.

Kwa hiyo nilianza na simu yangu. Nikabadilisha neno la siri nikiwa peke yangu, nikaweka namba yangu kama ya kurudishia akaunti, nikaondoa vifaa visivyo vyangu, nikabadilisha na namba ya kufungulia kioo, kwa sababu ya zamani Baraka alikuwa anaifungua huku anaongea na mimi bila hata kutazama. Neno la siri nimeliandika kwenye daftari langu la kliniki, lililo kabatini kwa ufunguo. Usiandike nyuma ya kava la simu, wala usilihifadhi kama jina la mtu kwenye majina ya simu. Watoto wanajua pa kutafuta.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri. Tulikaa mezani na Baraka baada ya chakula, simu zote mbili zikiwa na chaji na bando. Kwanza tulihamisha picha na namba za watu, kwa sababu akaunti ya mtoto ikiingia, ile ya zamani inatolewa, na vilivyohifadhiwa humo unaweza kuvikosa. Namba ya bibi yake wa Kilosa ilikuwa humo, hakuna sehemu nyingine tuliyokuwa tumeiandika. Kisha nikamfungulia akaunti mpya kwa jina lake na tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Akiwa chini ya miaka 13, mzazi ndiye anayefungua. Programu inakuonyesha orodha ya kila kilichomo kwenye simu na kukuuliza kipi kibaki. Tulipitia kimoja kimoja pamoja. Kulikuwa na gemu ambalo lilitaka ruhusa ya maikrofoni. Nikamuuliza gemu la magari linataka kukusikiliza nini? Hakujua. Tukalitoa.

Na napenda kwamba haifichi kitu. Mtoto anaambiwa wazi kwenye simu yake kuwa inasimamiwa, na anaweza kuona mzazi anaona nini. Zipo programu nyingine za kulipia zinazojificha ndani ya simu na kunakili ujumbe wa mtoto kimyakimya. Nimeshauriwa niweke mojawapo. Sikuitaka. Ujumbe wote wa mtoto unapelekwa kwenye kompyuta za kampuni usiyoifahamu, na siku mtoto akigundua atajifunza kuficha kila kitu, hata lile ambalo angekwambia.

Saa za kulala ndizo zimebadilisha nyumba yangu. Nimepanga simu ijifunge saa mbili na nusu usiku siku za shule, Ijumaa na Jumamosi inachelewa kidogo. Kila siku ya wiki unaipangia peke yake. Muda ukifika kioo kinajifunga, na hata hivyo nikimpigia simu ya kawaida bado anapokea. Mimi nikiwa zamu ya usiku nilikuwa namaliza kugawa dawa za saa tatu huku moyo uko nyumbani: amelala au yuko YouTube chini ya shuka? Dada wa kazi hawezi kumnyang'anya simu, ni binti mdogo, mtoto hamsikilizi. Sasa hakuna wa kugombana naye. Mwanzoni alinuna. Akanipigia wodini, "Mama, simu imejifunga na sijamaliza." Nikamwambia utamalizia kesho, mwanangu, lala. Kesho yake akaangalia ratiba mwenyewe, akaanza kupanga mambo yake kabla ya muda. Asubuhi haamshwi tena kwa kuvutwa miguu.

Ukitaka kumwongeza muda unafanya hivyo ukiwa popote, kwa siku hiyo tu. Na kama simu yake imejifunga na hakuna intaneti, kwenye programu yako kuna namba maalumu ya mzazi, inayobadilika kila mara, unayoweza kumsomea kwa simu akafungua. Hiyo ilituokoa siku umeme ulikatika na alihitaji tochi ya simu kwa muda mrefu kuliko nilivyompangia.

Kuidhinisha programu ni kuzuri pia, lakini kunahitaji mzazi asome. Mtoto akitaka kupakua kitu Play Store, ombi linakuja kwako. Ukibonyeza kubali bila kusoma, hujafanya lolote. Mimi naangalia alama ya umri iliyowekwa na Play Store, naangalia kama lina matangazo na kama linauza vitu ndani yake, na zaidi ya yote naangalia kama linaruhusu kuongea na watu asiowajua. Magemu mengi wanayoyapenda watoto wa umri huu siku hizi yana sehemu ya kuchati au kuongea kwa sauti na wachezaji wengine, na mchezaji anayejiita mtoto wa darasa la tano anaweza kuwa mtu mzima aliyekaa mahali fulani na muda mwingi mkononi. Gemu la namna hiyo kwetu halipiti mpaka nione kwamba sehemu ya kuchati inazimika, na niizime mimi.

Hapa kuna jambo la kukubaliana ndani ya ndoa. Kwenye kikundi cha familia cha Google unaweza kumweka baba naye kama mzazi, na ni vizuri awepo. Ila ombi la mtoto linaonekana kwenu wote wawili. Baraka aliniomba gemu fulani la kupigana, nikakataa. Akaliomba tena nikiwa usingizini baada ya zamu, na baba yake akiwa barabarani karibu na Mbeya akalikubali, kwa sababu yeye aliona tu mwanawe anaomba kitu. Nilipompigia akasema, "Mama Baraka, kwani ulishamkatalia? Mimi nimejuaje?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Tangu hapo tumekubaliana kwamba hakuna anayekubali ombi kabla ya kumwandikia mwenzake. Baba Baraka amekuwa mkali kuliko mimi, anasoma mpaka maoni ya watu chini ya gemu.

YouTube na kurasa za intaneti nitazipitia haraka. Kwa akaunti ya mtoto unachagua ngazi ya YouTube: iko ya kuanzia miaka 9, iko ya kuanzia 13, na iko inayofungua karibu YouTube yote isipokuwa iliyowekewa alama ya watu wazima. Chagua ya chini uanze nayo. Unaweza pia kuzuia chaneli moja moja. Google wenyewe wanasema hakuna kichujio kinachozuia kila kitu, kwa hiyo kaa naye mara kwa mara mtazame anachotazama, hasa vile vichekesho vifupi vya mtaani ambavyo lugha yake mashine haiwezi kuijua kama wewe uliyekulia hapa. Kwenye Chrome unaweza kuruhusu kurasa ulizozichagua tu. Kwa mtoto wa darasa la pili au la tatu ningefanya hivyo bila kusita. Kwa wa darasa la sita anayetafuta mambo ya sayansi, itamkwamisha.

Kuona mahali simu ilipo kunasaidia akitoka twisheni jioni. Kunategemea data, chaji na mtandao, kwa hiyo usipoona alama ikisogea usianze kulia, mpigie.

Bando ni jambo la kulijua mapema. Ratiba uliyokwisha kuipanga inaendelea kufanya kazi hata simu ikiwa haina intaneti, lakini amri mpya unayoituma leo haifiki mpaka simu ya mtoto iwe na data. Mtoto akizima data, huwezi kumfungia simu papo hapo. Mimi namnunulia kifurushi kidogo cha wiki na simnunulii kikubwa hata nikiwa na hela.

Sasa mambo ambayo Family Link haiyaoni. Nitakaa hapa, maana ndipo wazazi wanapodanganyika.

Inakuonyesha mtoto ametumia programu gani kwa dakika ngapi. Haikuonyeshi ameongea na nani wala wamesemezana nini. Haisomi WhatsApp, haisomi ujumbe mfupi, haijui nani amempigia. Ukimruhusu WhatsApp, kilicho ndani yake ni kati yake na walio humo. WhatsApp wenyewe umri wao ni kuanzia miaka 13. Kwa sababu hiyo Baraka hana, na ilikuwa vigumu, kwa sababu baba yake anataka kumwona uso akiwa safarini. Tumekubaliana simu za video zinapigwa kwenye simu yangu, nikiwa nimerudi nyumbani. Kazi za shule nazo zinakuja kwenye grupu la wazazi, kwangu, namwonyesha ananakili kwenye daftari.

Haijui kuhusu simu nyingine. Ya dada wa kazi, ya binamu, ya jirani mwenye intaneti ya nyumbani ambaye watoto wa mtaa mzima wanajazana barazani kwake. Likizo Baraka anakwenda Kilosa kwa bibi, na simu ya bibi haina kizuizi chochote, tena bibi anafurahi kumpa mjukuu wake chochote anachotaka. Nilimpigia mama mkwe nikamweleza kwa heshima, nikamwambia, "Mama, naomba simu yako akiomba umpe ukiwa umekaa naye, na usiku ikae chumbani kwako." Akasema sawa mwanangu, hata sisi zamani hatukuwaacha watoto wakae na wageni gizani. Hakuhitaji maelezo marefu. Na dada wa kazi nilikaa naye vilevile, nikamsaidia kusafisha akaunti yake mwenyewe, maana naye ni mtoto wa watu, na waliokuwa wanamwandikia usiku walikuwa wengi kuliko wanaoweza kumwandikia Baraka.

Haiwezi kuzuia menyu za pesa za simu. Zile hazihitaji intaneti wala Play Store, unabonyeza nyota na namba basi. Laini ya mtoto wangu imesajiliwa kwa NIDA yangu na alama za vidole vyangu, kwa hiyo lolote linalofanyika kwenye laini hiyo linanirudia mimi. Sijafungua huduma ya pesa kwenye laini yake, na namfundisha kuwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haujibiwi, unaletwa kwangu. Ukitaka kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa jina lako, piga *106#. Fanya hivyo hata kama huna mtoto.

Na haiwezi kukuambia nani katika watu mnaowafahamu ana nia mbaya. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania na UNICEF, Interpol na ECPAT, mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono, kwa watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, ukatolewa 2022, ulionyesha kwamba wanaowafanyia watoto ukatili wa kingono kupitia mtandao mara nyingi ni watu ambao mtoto anawafahamu tayari. Sisi tunawaza mzungu wa mbali aliyejificha nyuma ya picha ya uongo. Wapo na hao. Lakini anayemwomba mtoto picha anaweza kuwa mtu anayekula mezani kwako, na namba yake umeihifadhi wewe mwenyewe kwenye simu ya mtoto.

Kwa hiyo tunaongea. Sina namna nyingine ya kulisema. Nimemwambia Baraka kwa maneno ya wazi, kama ninavyoongea na wagonjwa wangu, kwamba hakuna mtu mzima, awe mjomba, mwalimu au kiongozi wa dini, anayeruhusiwa kumwomba picha ya mwili wake au kumwambia "usimwambie mama." Akisikia maneno hayo aje kwangu siku hiyo hiyo, na sitamnyang'anya simu kwa kuniambia. Hiyo ahadi ya mwisho ni muhimu kuliko mipangilio yote niliyoieleza. Watoto wengi hukaa kimya kwa kuogopa kupoteza simu.

Na ikitokea? Mtu akimtishia mtoto kwamba atasambaza picha yake, msimlipe, kwa sababu atarudi tena. Msifute mazungumzo, ndiyo ushahidi. Hifadhi namba na jina la akaunti yake, kisha zuia. Piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, inayofanya kazi mchana na usiku. Kenya nao wanatumia namba hiyo hiyo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kama kuna kuguswa mwili, njooni hospitali kwanza, kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo, na kila saa mnayowahi inatusaidia kumtibu. Na nawaomba sana, picha ya mtoto ya namna hiyo usiitume kwenye grupu la wazazi hata kwa nia ya kuonya wengine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kusambaza picha hizo kuwa kosa la jinai, na mtoto yule anaumizwa upya kila inapofika kwenye simu mpya.

Kuhusu wakubwa kidogo. Binti wa dada yangu ana miaka 14, yuko TikTok kama wenzake wote. Family Link kwa umri huo inaweza kuwekwa, ila kwa ridhaa yake, na kinachoendelea ndani ya TikTok haikifikii. TikTok wana mpangilio wao wa kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto, unaoitwa Family Pairing, ambapo unaweza kupunguza muda na kubana anachoonyeshwa. Na aliye chini ya miaka 16, ikiwa umri alioweka ni wa kweli, hawezi kutumiwa ujumbe wa siri humo. Tukarudi kule kule kwenye tarehe ya kuzaliwa. Ya kwake ilisema ana miaka 22. Dada yangu alikaa naye wakalizungumza, binti akalia kidogo kwa sababu ya wafuasi aliokuwa amewapata, mwisho wakafungua akaunti mpya yenye umri wake.

Kama familia yenu inatumia iPhone kwa mtoto, Family Link haitawasaidia sana. Apple wana Screen Time, iko ndani ya mipangilio ya simu yenyewe.

Tukitumia nyota tano, mimi naipa nne. Nyota moja naipunguza kwa sababu mzazi asiye na akaunti yake mwenyewe, asiyejua neno lake la siri, hawezi kuanza bila mtu wa kumshika mkono, na wazazi hao ndio wengi. Shule zinatuita kwa matokeo na michango. Zingetuita Jumamosi moja, kila mmoja na simu yake, mwalimu wa kompyuta mbele, tukasafisha akaunti zetu ndani ya saa mbili. Nimeshampelekea mwalimu mkuu wetu ombi hilo kwa barua, na nimejitolea kusaidia siku ambayo siko zamu.

Baraka atatimiza miaka 13 akiwa anajiandaa kwenda sekondari, umri ambao Google inamruhusu mtoto kuwa na akaunti anayoisimamia mwenyewe, mzazi akiridhia. Tumeshaanza kuongea naye tutaacha nini na tutabakiza nini. Kuomba ruhusa kwa kila programu anataka tukuondoe, na baba yake na mimi tuko tayari, mradi atuonyeshe kwamba anasoma ruhusa ambazo programu inaomba kabla ya kubonyeza. Mahali alipo amesema tuendelee kuona, maana hata yeye anataka kuona lori la baba yake limefika wapi. Saa za kulala zinabaki.